Kufufua Hadithi ya Zamani: Mfano wa Picha za Mad Max

Wanachama wa Chama cha Maigizo wamebishana muhula mzima, na ubishi wao umefika hata kwenye chumba cha walimu. Jambo lenyewe ni hili. Mwakani shule yetu itafanya sherehe ya kuzaliwa kwake, na wazee waliosoma hapa zamani wataalikwa. Imekubaliwa kwamba uchezwe tena ule mchezo uliochezwa na wanafunzi wa kwanza. Kundi moja lasema uchezwe vile vile ulivyokuwa, neno kwa neno, hata kofia ya mfalme iwe ile ile iliyomo katika stoo. Kundi la pili lasema mchezo huo umechakaa, na kama hapana budi kuuchezea wageni, basi uandikwe upya wote, libaki jina tu. Niliombwa niseme upande gani una haki. Sikujibu siku ile, kwa sababu jibu langu ni refu, nami hupenda kujibu kwa mfano. Mfano nilio nao ni wa sinema.

Wazazi wasishtuke. Picha nitakazozieleza zina mapigano na vifo vingi, wala haziwafai watoto. Wanafunzi wa vidato vya chini hawana haja ya kwenda kuzitafuta. Yatosha kusoma habari zake hapa. Ni zile picha ziitwazo Mad Max, zilizotungwa na kuongozwa na Bwana George Miller wa Australia. Ya kwanza ilitolewa mwaka 1979, ya pili 1981, ya tatu 1985. Kisha pakapita miaka 30 ya kimya. Mwaka 2015 ikatoka ya nne, Mad Max: Fury Road, nayo ikapata tuzo sita za Oscar, jambo ambalo ni nadra sana kwa picha ya motokaa na vumbi. Swali letu ni hili: mzee wa miaka 70 alifanyaje hata akakirudisha kitu alichokitengeneza akiwa kijana, nacho kikawa kipya?

Kwanza tuelewe aina ya hadithi hizi. Watu wengi husikia "hadithi ya kubuni ya kisayansi" wakafikiri mara moja juu ya vyombo vya angani na watu wa nyota nyingine. Si lazima. Mtungaji wa hadithi za namna hii hujiuliza: kama jambo fulani lingetukia, binadamu wangeishije baada yake? Jambo la Miller lilikuwa petroli. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiuzwe kwa baadhi ya mataifa, na bei ikapanda duniani kote. Miaka ile ya dhiki ya mafuta, huko Australia watu walionekana wakigombana kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya galoni chache. Bwana James McCausland, mwandishi wa magazeti aliyeshirikiana na Miller kuandika picha ya kwanza, aliyashika hayo. Ikiwa watu wenye nyumba na kazi hukunjiana ngumi wakati mafuta yamepungua tu, watafanyaje siku yatakapokwisha kabisa?

Miller mwenyewe hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa daktari. Alifanya kazi ya kupokea majeruhi hospitalini mjini Sydney, akawaona wengi walioumizwa na ajali za barabarani. Yeye na rafiki yake Byron Kennedy walipotaka kutengeneza picha na hawana fedha, walikwenda wakifanya kazi ya matibabu ya dharura: Miller akitibu, Kennedy akiendesha gari. Picha yao ya kwanza iligharimu kama dola 400,000 za Australia, fedha ambazo katika biashara ya sinema ni kidogo mno. Ngozi halisi ya koti alivaa Max. Wachezaji wengine wengi walivaa plastiki iliyofanana na ngozi. Palipohitajika gari la kuvunjwa, Miller alitoa gari lake mwenyewe. Hata hivyo picha ile ilileta zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Tena, na hili litawachekesha wanaosoma lugha, ilipopelekwa Marekani mwaka 1980 sauti za wachezaji ziliondolewa zikawekwa nyingine, kwa kuhofia kwamba Wamarekani hawatakielewa Kiingereza cha Australia. Kiingereza kilifasiriwa kwa Kiingereza.

Picha ya pili ndiyo iliyoutengeneza ulimwengu tunaoujua: jangwa, magari yaliyoungwa vipande vipande, watu wanaouana kwa ajili ya pipa la mafuta, na Max anayepita katikati yao karibu bila kusema neno. Ya tatu ilipata msiba kabla haijaanza. Mwezi Julai 1983 Kennedy alikufa katika ajali ya helikopta. Miller alivunjika moyo, akaifanya kazi ile kwa kushirikiana na mwongozaji mwingine, George Ogilvie. Picha ikatoka, ikatolewa kwa kumbukumbu ya Kennedy, na hapo njia ikakatika.

Miaka iliyofuata Miller alishughulika na mambo yaliyo mbali kabisa na Max. Alishiriki kutengeneza Babe, habari za nguruwe asemaye, na mwaka 2006 akatoa Happy Feet, habari za ndege wa barafu achezaye ngoma. Nayataja haya kwa makusudi. Wapo wanaodhani kwamba mtu akikiacha kitu miaka mingi hukisahau. Huenda kukiacha ndiko kulikomsaidia akione tena kwa macho mapya.

Wazo la picha ya nne lilimjia karibu na mwisho wa miaka ya 1990, alipokuwa akivuka barabara mjini Los Angeles: hadithi nzima iwe mbio moja, na kinachogombewa kisiwe petroli bali watu. Kuanzia hapo shida zilifuatana. Palikuwa na mpango wa kupiga picha Namibia mwaka 2003. Lakini thamani ya dola ilikuwa imeshuka, vita vya Iraki vikakaribia, na usafiri na bima vikawa taabu, kazi ikasimama. Ilipofufuliwa tena ilikusudiwa ifanyike Broken Hill, katika nchi kavu ya Australia. Magari yakatayarishwa, watu wakaajiriwa. Mara mvua ikanyesha! Mvua ambayo nchi ile haikuiona miaka mingi ilinyesha, na jangwa lote likageuka bustani ya maua. Mkulima angeshukuru; Miller alitaka ardhi iliyokufa. Ikabidi magari yapakiwe melini yaletwe Afrika, katika jangwa la Namib, ambako mvua haina mazoea ya kufika. Kazi ilianza huko mwezi Julai 2012.

Sasa nije kwenye somo lenyewe, na naomba kundi la kwanza la Chama chetu lisikilize, kisha la pili.

Miller aliacha nini? Aliacha mengi sana. Mchezaji wa zamani, Mel Gibson, ambaye kwa watu wengi ndiye aliyekuwa Max, hakurudi. Mahali pake alichukua Tom Hardy. Motokaa nyeusi ya Max, iliyopendwa na watazamaji kuliko hata wachezaji wengine, inapinduka dakika za mwanzo kabisa, na Max anakamatwa. Hakuna mtu anayesimama kutueleza picha tatu za kwanza zilihusu nini, wala mwaka gani tumefikia. Tena, yule ambaye vijana humwita steringi sasa si Max peke yake. Anayeendesha lori kubwa na kulibeba jambo zima ni mwanamke, Furiosa, aliyechezwa na Bibi Charlize Theron, mzaliwa wa Benoni, Afrika ya Kusini. Anawatorosha wake watano wa mtawala mwovu aliyeyashika maji ya nchi ile na kuyatoa kwa kipimo. Max anaingizwa safarini bila kupenda, amefungwa mbele ya gari kama mzigo, damu yake ikitiririka katika mpira kumwingia kijana mgonjwa wa jeshi la mtawala. Hata mlinganisho wa dhiki umebadilika: katika picha ya pili watu waliuana kwa petroli; katika ya nne wanahangaikia pia maji, maziwa na damu. Mtungaji hakurudia hofu ya mwaka 1973. Alijiuliza watu wa leo wanahofia nini.

Juu ya wale wanawake watano hakutaka kubahatisha. Alimwalika Namibia Bibi Eve Ensler, mwandishi wa Marekani aliyefanya kazi na wanawake walioteswa katika vita vya Mashariki ya Kongo, na ambaye alisaidia kuanzisha kituo cha City of Joy kilichofunguliwa mjini Bukavu mwaka 2011. Alizungumza na wachezaji wale juu ya mambo yanayompata mtu aliyefanywa mali ya mwingine, na jinsi anavyojirudishia utu wake. Basi katika hadithi hii ya kubuni iliyopigwa jangwani yamo maneno ya kweli yaliyotoka kwa akina mama, ambao wengi wao Kiswahili ni lugha yao.

Na aliweka nini? Hapa ndipo penye kiini. Aliweka namna ya kusimulia. Tangu picha ya kwanza Miller aliamini kwamba sinema ni lugha ya macho, kama walivyoamini watengenezaji wa zamani kabla picha hazijapata sauti. Kwa hiyo Fury Road haikuanza kwa kuandikwa maneno. Yeye na wachoraji wake walichora vipande kama 3,500, kimoja baada ya kingine, na michoro hiyo ndiyo iliyokuwa kitabu cha mchezo. Ukitaka kujua kama jambo hili ni kweli, tazama sehemu yoyote ya picha hiyo sauti ikiwa imezimwa. Utafuata kila kitu: nani anamkimbia nani, nani ameishiwa risasi, nani amebadili moyo.

Walakini kuchora si kumaliza. Mwezi wa kwanza hata wa tano, wachezaji waliona mchanga tu na magari yakienda mbio. Tom Hardy aliona dhiki, asijue mwongozaji anataka nini. Picha ilipoonyeshwa Cannes mwezi Mei 2015 alimwomba Miller radhi mbele ya waandishi wa habari, akakiri kwamba hakuweza kuona wakati ule alichokuwa akikiona mwenzake. Nawasifu wote wawili: mmoja kwa kuomba radhi, mwingine kwa kutochoka miezi yote ile.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika katika chumba cha kukata na kuunga vipande. Mhariri alikuwa Bibi Margaret Sixel, mke wa Miller. Hakuwa amewahi kuhariri picha ya mapigano, na ndiyo sababu Miller alimtaka: alisema kama angehariri mtu aliyeizoea kazi hiyo, picha ingefanana na nyingine zote. Bibi huyu alipewa saa 480 za picha zilizopigwa. Hesabuni wenyewe: ni siku 20, mchana na usiku, bila kulala. Katika hizo alitoa saa mbili.

Wanafunzi wa hesabu watazame na hili. Picha ya pili, ile ya mwaka 1981, ilikuwa na mikato kama 1,200 katika dakika 90 hivi, yaani kila kipande kilikaa machoni kwa wastani wa sekunde nne na nusu. Fury Road ina mikato kama 2,700 katika dakika 120, yaani sekunde mbili na theluthi mbili tu. Kwa kawaida mwendo wa namna hiyo humfanya mtazamaji aumwe kichwa, asijue la kushika. Kwa nini hapa haumwi? Kwa sababu mpiga kamera mkuu, Bwana John Seale, aliyekuwa amekwisha kustaafu akarudi kwa ajili ya kazi hii, aliagizwa aweke jambo kuu katikati ya picha kila mara. Kipande kikikatwa, jicho la mtazamaji limo pale pale katikati, na uso au gari linalofuata limo pale pale. Jicho halihangaiki kutafuta. Ni ufundi mdogo ukiuelezwa. Jaribu kuufuata kwa siku zaidi ya mia ndani ya vumbi.

Nimesikia vijana wakisema kwamba picha hii haina kompyuta hata kidogo. Hiyo si kweli, na mwenye kuisifu asiisifu kwa uongo. Iko mikato kama 2,000 iliyoguswa na kompyuta: ile dhoruba kubwa ya vumbi, ngome ya mtawala, mkono wa Furiosa ulioondolewa, kamba za usalama zilizofutwa. Mandhari za usiku zilipigwa mchana, rangi zikabadilishwa baadaye. Lakini magari ni magari, yapata 150 yaliyoundwa, na yanapogongana, chuma kimegonga chuma. Wale watu wanaoning'inia juu ya milingoti mirefu huku magari yakienda, ni watu kweli. Miller mwenyewe alidhani haitawezekana, akawa tayari kuwaweka kwa kompyuta. Bwana Guy Norris, msimamizi wa michezo ya hatari, ambaye alikuwa kijana wa kuruka na kuanguka katika picha ya pili, akafanya majaribio. Chini ya mlingoti aliweka uzito mkubwa wa chuma, ukawa kama mizani, mtu juu akayumba polepole bila gari kupinduka. Wa Fizikia wanaweza kuuchora na kuonyesha nguvu zake.

Na daktari yule wa Sydney hakupotea. Karibu na mwisho Furiosa amechomwa kisu, hewa imejaa kifuani, mapafu hayawezi kufunguka. Max anamtoboa ubavuni hewa itoke, kisha anamtia damu yake. Mgongoni mwake amechanjwa alama kwamba damu yake ni O hasi, ile ambayo kila aliyesoma Baiolojia ajua kwamba aweza kupewa mtu wa kundi lolote. Damu iliyonyonywa kwa nguvu mwanzoni sasa yatolewa kwa hiari, na hakuna hotuba.

Sitaki nionekane kama niliyeficha upande wa pili. Namibia ilipata kazi na fedha, lakini mwaka 2013 yalitokea malalamiko kwamba magari yaliharibu ardhi ya hifadhi ya Dorob, ambako alama ya gurudumu hudumu miaka mingi na mimea midogo hukua polepole sana. Tume ya filamu ya nchi ile ilikanusha. Fedha nazo hazisemi kila mara tunalotaka zizungumze. Mwaka ule ule wa 2015 ilitoka Terminator Genisys, ambayo nayo ilifufua picha za zamani, lakini kwa njia ya kundi letu la kwanza: mchezaji yule yule, Bwana Arnold Schwarzenegger, na hata mandhari za picha ya 1984 zikapigwa upya zifanane. Genisys ilileta kama dola milioni 440. Fury Road kama milioni 380. Ukihesabu fedha tu, mwigaji alishinda. Lakini wachambuzi hawakuipenda, picha mbili zilizokusudiwa kuifuata ziliachwa, na ile iliyotoka mwaka 2019 iliendelea kama kwamba Genisys haikuwako. Kwa upande mwingine, Miller aliporudi mwaka 2024 na Furiosa, hadithi ya ujana wa yule mwanamke, picha nzuri kwa maoni yangu, haikuleta zaidi sana ya gharama yake. Kumbe kufufua mara moja hakukupi hati ya kufufua daima.

Basi kwa wanachama wa Chama cha Maigizo, jibu langu ni hili. Kundi la kwanza linashika kofia. Kundi la pili linatupa mchezo. Hakuna hata mmoja aliyeniambia ni kitu gani katika mchezo ule kiliwafanya watu wa siku zile wakae kimya ukumbini mpaka mwisho, na bila kukijua hicho hamwezi kujua lipi libaki, lipi liende. Wazee wetu watakaokuja wanakijua. Wawili wanakaa hapa hapa mjini, na hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Nimepewa ukumbi Jumamosi ya tatu ya muhula ujao, saa nane mchana. Kabla ya siku hiyo kila kundi liende kwa wazee hao likasikilize. Kisha kila kundi lije na sehemu ya kwanza ya mchezo iliyochorwa kwenye karatasi, kipande baada ya kipande, bila neno hata moja, na kundi la pili lijaribu kuisoma kazi ya wenzao. Penseli ninazo za kutosha. Karatasi kila mtu aje na zake.